Dosari za Skrini ya Kishikwambi Kipya: Asili Yake na Namna ya Kuzipambanua

Miongoni mwa vyombo vya kufundishia vilivyoingia katika shule za Afrika Mashariki katika miaka ya karibuni, kishikwambi ni kimojawapo kilichoenea kwa upesi sana. Nchini Kenya mpango wa serikali wa kuzipatia shule za msingi vifaa vya kidijitali ulianza kutekelezwa mwaka 2016. Nchini Tanzania vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 viligawiwa walimu baada ya kazi hiyo kumalizika. Hivyo mwalimu wa leo, awe wa Kemia au wa Jiografia, aghalabu hujikuta amekuwa mlinzi wa chombo ambacho hakupata kuelezwa habari za ndani yake.

Chombo hicho kinapowashwa kwa mara ya kwanza, huenda kikaonyesha jambo lisilotazamiwa. Pengine weupe wa ukurasa huelekea umanjano. Pengine pembe moja huwa na mng'ao, mithili ya taa iliyofichwa nyuma ya pazia. Pengine nukta moja nyekundu hung'ang'ania mahali pake wala haiondoki kwa kupanguswa. Je, hiyo ni hitilafu ya kiwandani, ni kazi ya programu, au ni tabia ya kawaida ya skrini zote?

Swali hili si la anasa. Dhamana ya muuzaji ina kikomo, na anayechelewa kutambua kasoro hubaki nayo. Mwanafunzi aliyekabidhiwa kishikwambi chenye doa anaweza kutozwa fidia kwa uharibifu asioufanya, iwapo hakuna aliyelichunguza na kuliandika doa hilo siku ya kwanza. Tena, katika somo la Kemia, picha ya karatasi ya litmasi iliyopotoshwa rangi humfundisha mwanafunzi uongo, naye hana njia ya kuutambua. Ili kulijibu swali hilo sawasawa, yafaa kwanza kufahamu jinsi skrini ilivyoundwa.

Chimbuko la fuwele-oevu

Mwaka 1888 Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea aliyekuwa akifanya kazi mjini Prague, alikuwa akichunguza kemikali ya jamii ya kolesteroli aliyoitoa katika karoti. Akaona ajabu: kitu kile kilikuwa na viwango viwili vya kuyeyuka. Kwenye nyuzi 145.5 za Sentigredi yabisi iligeuka kuwa kioevu chenye ukungu. Na kwenye nyuzi 178.5 ukungu ule ulitoweka ghafla, kioevu kikawa mwangavu. Reinitzer alimwandikia mwanafizikia wa Ujerumani, Otto Lehmann, ambaye alikichunguza kitu hicho kwa hadubini, na baadaye akakipa jina ambalo tafsiri yake ni fuwele-oevu.

Jina hilo laonekana kujipinga lenyewe, lakini lina maana yake. Molekuli za fuwele-oevu ni ndefu mfano wa vijiti. Hutiririka kama maji, walakini huelekea upande mmoja kwa utaratibu, kama zilivyo chembe za fuwele yabisi. Zikiguswa na nguvu ndogo ya umeme, hugeuka zote pamoja. Hapo ndipo faida yake ilipo.

Kwa muda wa miaka 80 hivi jambo hili lilibaki kuwa la udadisi wa maabara. Mwaka 1968 George Heilmeier na wenzake katika kampuni ya RCA ya Marekani walitangaza skrini zao za fuwele-oevu. Mwaka 1970 Martin Schadt na Wolfgang Helfrich, waliokuwa wakifanya kazi Uswisi, walibuni mpangilio wa molekuli uliojisokota, uliotumia umeme kidogo mno. Na mwanzoni mwa miaka ya 1970 George Gray wa Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, pamoja na wenzake walitengeneza fuwele-oevu iliyo imara katika halijoto ya kawaida ya chumba. Saa za mkononi na vikokotoo vyenye tarakimu nyeusi vya miaka hiyo vilikuwa matunda ya kazi yao, na kishikwambi ni kitukuu cha vikokotoo hivyo.

Matabaka ya skrini

Skrini ya kishikwambi si kioo kimoja. Ni matabaka mengi yaliyolaliana, na kila tabaka lina dosari zake. Nyuma kabisa zimo taa ndogo za LED zilizopangwa ukingoni. Mbele yake lipo bamba la plastiki linaloutawanya mwanga uenee skrini nzima, pamoja na karatasi laini za kuusawazisha. Kisha hufuata chujio liitwalo polaraiza, linaloruhusu kupita mwanga unaotetema katika mwelekeo mmoja tu. Baada yake kuna vioo viwili vyembamba ambavyo kati yake imemiminwa fuwele-oevu. Kioo kimoja kina transista ndogo zisizohesabika kwa macho; kingine kina vichujio vya rangi nyekundu, kijani na buluu. Mbele yake kuna polaraiza ya pili, na juu ya yote gundi angavu na kioo cha nje kinachopokea mguso wa kidole.

Umeme unapozigeuza molekuli, mwelekeo wa mtetemo wa mwanga hubadilika, na kwa hiyo polaraiza ya pili huupitisha mwanga huo au huuzuia. Kila pikseli, yaani kila nukta ya picha, ina vidirisha vitatu vya rangi, na kila kidirisha kina transista yake. Skrini yenye pikseli 1,920 kwa 1,200 ina jumla ya pikseli 2,304,000, sawa na vidirisha 6,912,000. Hata kama kiwanda kingekosea mara moja tu katika kila vidirisha milioni moja, kishikwambi kimoja kingekuwa na wastani wa vidirisha saba vibovu. Hesabu hii yaonyesha jinsi ukamilifu ulivyo mgumu.

Iko pia aina ya pili ya skrini, ijulikanayo kwa jina la OLED, ambayo haina taa ya nyuma. Ndani yake kila kidirisha hujitolea mwanga chenyewe kutokana na kemikali za kaboni zinazopitishiwa umeme. Chimbuko lake ni kazi ya Ching Tang na Steven Van Slyke wa kampuni ya Kodak, iliyotangazwa mwaka 1987.

Kwa nini weupe huwa na rangi

Malalamiko yasikikayo zaidi ni ya umanjano. Chanzo cha kwanza cha kuchunguzwa ni programu. Vishikwambi vingi vina mpango wa usiku unaopunguza rangi ya buluu jua linapotua, na vingine hupima mwanga wa chumba na kubadili weupe ili ulingane nao. Mpango huo ukiwa umewashwa kiwandani au na mtu mwingine, mwenye chombo hudhani skrini imeharibika. Vivyo hivyo mipango ya kuwasaidia wasioona vizuri huweza kugeuza rangi zote kinyume au kuziondoa kabisa, na kuiacha picha ya kijivu tupu.

Chanzo cha pili ni taa yenyewe. Taa nyeupe ya LED haizai weupe moja kwa moja. Aghalabu huzaa mwanga wa buluu, na juu yake hupakwa unga unaougeuza sehemu ya mwanga huo kuwa manjano. Mchanganyiko wa rangi hizo mbili ndio weupe. (Uvumbuzi wa LED ya buluu uliwapatia Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014.) Unga ukizidi kidogo, weupe huelekea manjano, ukipungua, huelekea buluu. Ndiyo maana vishikwambi viwili vya aina moja, vilivyotoka katika maboksi yanayofanana, vikiwekwa bega kwa bega huweza kutofautiana weupe, na vyote viwili vikawa vizima. Watengenezaji wengi hukusudia weupe unaokaribia ule wa mchana, ambao wataalamu huuhesabu kuwa kelvini 6,500, lakini kila kiwanda kina kiasi cha kukosea kinachokubaliwa.

Chanzo cha tatu ni jicho la mtazamaji. Ubongo huzoea weupe wowote uliouona kwa dakika chache. Aliyekuwa akitazama skrini yenye ubuluu mwingi huiona skrini sahihi kuwa ya manjano. Kwa sababu hiyo hukumu ya rangi haifai kutolewa kwa kumbukumbu, bali kwa kulinganisha vitu viwili kwa wakati mmoja.

Umanjano ulioenea sawasawa, basi, mara nyingi si ugonjwa. Ulio wa kutiliwa shaka ni ule wa sehemu moja: ukingo mmoja wa manjano na mwingine mweupe. Huo hautokani na programu ya usiku, kwani programu huibadili skrini nzima. Hutokana na matabaka yasiyolingana, taa zilizotofautiana, au shinikizo katika sehemu hiyo.

Suala la rangi limewahi kuzitikisa hata kampuni kubwa. Mwaka 2017 wateja wa simu ya Pixel 2 XL ya Google, yenye skrini ya OLED, walilalamika kwamba rangi zilififia, kwamba skrini ilielekea ubuluu ikitazamwa upande, na kwamba vivuli vya vitufe vilianza kubaki katika muda wa wiki chache. Kampuni hiyo iliongeza muda wa dhamana hadi miaka miwili na kutoa programu mpya ya kubadili rangi. Kisa hicho chafundisha kwamba malalamiko yaliyochunguzwa na kuelezwa vizuri husikilizwa.

Nukta, mivujo na vivuli

Nukta isiyobadilika ni ya namna mbili. Nukta nyeusi daima imekufa. Aghalabu transista yake haifanyi kazi. Nukta inayowaka rangi moja daima imekwama, na mara chache hujirekebisha yenyewe. Wapo wanaoendesha programu za kubadilisha rangi upesi upesi ili kuizindua, na pengine hufaulu, ila hakuna hakika. Kuikandamiza kwa kidole au kalamu ni hatari, maana huweza kuharibu nukta za jirani.

Kuhusu idadi inayovumilika, kiwango cha kimataifa cha ISO 13406-2 cha mwaka 2001 kiliziweka skrini katika madaraja manne. Daraja la kwanza halikuruhusu pikseli mbovu hata moja. Daraja la pili liliruhusu, katika kila pikseli milioni moja, mbili zinazowaka daima, mbili zilizokufa, na vidirisha vitano vyenye hitilafu. Kiwango hicho kilirithiwa na mfululizo wa ISO 9241 mwaka 2008, lakini mantiki yake ingali ikitawala: muuzaji anaweza kukataa kubadilisha kishikwambi kwa ajili ya nukta moja, na asiwe amevunja ahadi yake. Ni vema kusoma maneno ya dhamana kabla ya kununua, si baada ya kuona doa.

Mng'ao wa pembeni ni mwanga wa nyuma unaovuja pale matabaka yalipobanwa kupita kiasi au yalipoachana kidogo. Huonekana gizani, picha ikiwa nyeusi. Kiasi kidogo hupatikana katika skrini nyingi za fuwele-oevu. Kikionekana hata mchana wakati wa kusoma, hicho ni kasoro. Mawingu hafifu ya kijivu yasiyo na mpaka maalumu nayo hutokana na matabaka kutokuwa na unene sawa. Viwandani huitwa mura, neno la Kijapani lenye maana ya kutolingana.

Vivuli vya picha iliyokwisha kuondolewa vina asili mbili tofauti. Katika fuwele-oevu husababishwa zaidi na chembe zenye chaji zinazojikusanya upande mmoja wa kioevu. Ili kuzuia jambo hilo, umeme wa kila kidirisha hugeuzwa chanya na hasi kwa zamu katika kila picha. Kivuli cha namna hii mara nyingi hutoweka baada ya muda. Katika OLED, kinyume chake, kivuli ni kuchakaa kwa kemikali zenyewe. Zile za buluu huchakaa upesi kuliko nyingine, na kuchakaa huko hakurudi nyuma.

Joto na hatari ya betri

Ule ukungu wa Reinitzer uliotoweka ghafla una somo lake kwa mwalimu wa nchi za joto. Kila fuwele-oevu ina kiwango cha joto ambacho kikipita utaratibu wa molekuli huvunjika, na skrini huweza kuwa na giza. Ikipoa, picha hurejea. Bali joto la kukaa muda mrefu huharibu polaraiza na gundi, na madoa yake hayatoki. Apple, kwa mfano, huelekeza kwamba iPad itumike mahali penye joto la kati ya nyuzi 0 na 35 za Sentigredi, na isihifadhiwe mahali panapozidi nyuzi 45. Ndani ya gari lililofungwa juani joto huweza kuzidi nyuzi 50. Kabati la chuma linalopigwa na jua la alasiri, au ofisi yenye paa la bati lisilo na dari, si mahali pa kuweka vishikwambi vya shule.

Liko doa moja ambalo halipaswi kusubiri hata siku moja. Iwapo sehemu ya katikati ya skrini inang'aa au kubadilika rangi huku kioo kikiinuka kutoka katika fremu, huenda betri ya lithiamu imevimba na inaisukuma skrini kutoka nyuma. Kishikwambi hicho kizimwe, kisitiwe chaji tena, kisibonyezwe wala kutobolewa, kitengwe mbali na vitu vinavyoshika moto, na kipelekwe kwa fundi aliyehitimu. Betri ya namna hiyo ikitobolewa huweza kuwaka.

Majaribio ya darasani

Kupambanua dosari hakuhitaji maabara. Mwalimu pamoja na wanafunzi wanaweza kufanya uchunguzi ufuatao katika kipindi kimoja.

1. Kagua mipangilio. Zima mpango wa usiku, mpango wa kulinganisha weupe na chumba, mipango ya wasioona vizuri na ule wa kubana matumizi ya betri. Zima kishikwambi na kukiwasha upya. Dosari ikionekana tangu nembo ya kwanza, kabla programu hazijaanza kazi, shaka iwe juu ya skrini yenyewe.

2. Geuza kishikwambi. Picha ikizunguka na doa likazunguka pamoja nayo, doa limo katika picha. Likibaki palepale kwenye kioo, limo katika skrini.

3. Piga picha ya skrini kwa vitufe vya kishikwambi, kisha itazame katika chombo kingine. Mstari au doa likionekana huko, kosa ni la programu. Lisipoonekana, kosa ni la skrini. Ikumbukwe kwamba rangi ya mpango wa usiku mara nyingi haiingii katika picha hiyo, na ndiyo sababu jaribio la kwanza hutangulia.

4. Onyesha kurasa tupu za rangi nyeupe, kijivu, nyeusi, nyekundu, kijani na buluu, moja baada ya nyingine. Nukta mfu huonekana katika nyeupe, iliyokwama katika nyeusi, mawingu katika kijivu. Ukurasa mweusi utazamwe katika chumba chenye giza.

5. Laza kishikwambi, na katikati ya ukurasa mweupe weka tone dogo la maji kwa ncha ya njiti. Tone litakuwa lenzi, na vidirisha vyekundu, vya kijani na vya buluu vitaonekana. Tone lisikaribie ukingo, na lifutwe mara moja kwa kitambaa laini.

6. Itazame skrini kupitia miwani ya jua ya polaroidi huku kishikwambi kikizungushwa taratibu. Skrini nyingi za fuwele-oevu zitafifia au kuwa nyeusi katika pembe fulani. Rangi za upinde wa mvua zikijitokeza, aghalabu husababishwa na plastiki ya kinga iliyobandikwa juu, na si ugonjwa wa skrini.

Hatua zinazofaa

Uchunguzi ukikamilika, matokeo yaandikwe. Kila kishikwambi kiwe na ukurasa wake katika daftari: namba yake ya utambulisho, tarehe ya kupokelewa, mahali doa lilipo, rangi ya ukurasa linapoonekana, na picha iliyopigwa kwa kamera ya chombo kingine. Mwalimu na mwanafunzi anayekabidhiwa watie sahihi. Ukurasa huo ni kinga ya mwanafunzi, na mbele ya muuzaji ni ushahidi. Sheria nazo zipo: Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na Kenya ina Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012. Lakini sheria humsaidia zaidi mwenye kumbukumbu.

Dosari ikiwa ya skrini na muda wa dhamana ungalipo, kishikwambi kirudishwe kikiwa hakijafunguliwa, kwa kuwa fundi wa mtaani akishakifungua, muuzaji hupata sababu ya kukataa madai. Ikiwa ya programu, programu isahihishwe. Ikiwa ni weupe uliotofautiana kidogo tu, kishikwambi kitumike kwa kusoma, na masomo yanayotegemea rangi yapewe kile chenye weupe wa kuaminika zaidi. Kusafisha kufanywe kwa kitambaa laini kilicholoweshwa kidogo. Dawa za kung'arishia nguo na unga wa kusugulia zisikaribie kioo.

Hata skrini iliyo nzima haionyeshi rangi zote zilizomo ulimwenguni, maana hujenga picha kwa rangi tatu tu. Kwa hiyo palipo na karatasi halisi ya litmasi, kipande halisi cha mwamba au jani bichi la mmea, wanafunzi na wavitazame vitu hivyo kwanza kwa macho yao, kisha ndipo wavilinganishe na picha iliyomo kishikwambini.